Jumapili ya Tanuri

Katika maisha yangu yote sijawahi kusema uongo siku ya Jumapili. Naweza kusimama mbele ya kanisa zima nikasema hivyo, nikashuka mkavu bila tone la jasho. Ule uongo wangu mkubwa niliusema Jumanne.

Jumanne hiyo ndoa yangu ilikuwa na wiki tatu. Fundi mwashi alikuwa amemaliza kutujengea tanuri la kuokea mikate, la matofali ya kuchoma, lenye tumbo la kitajiri na mlango wa chuma. Mume wangu alikuwa amesimama mbele yake, mikono mfukoni, anatabasamu, nami moyo ukanipiga paa. Wiki tatu zilitosha kumjua. Watu walimwita Polepole, na hawakumwonea. Alikuwa anapumzika kabla ya kazi ili apate nguvu, anapumzika baada ya kazi ili nguvu zirudi, na katikati alikuwa na mapumziko mengine ambayo hakuyatolea maelezo. Kumpa mtu yule tanuri linaloweza kuzimwa ilikuwa ni sawa na kumfungulia mbuzi shamba la mchicha.

Basi fundi alipokwenda bombani kunawa, nikamsogelea mume wangu.

"Umesikia alivyosema fundi?"

"Amesema nini?"

"Moto usizimike. Tangu siku utakapowashwa mpaka Bwana arudi. Likipoa linapasuka katikati kama tikiti."

Akaniangalia mimi, akaliangalia tanuri, akaniangalia tena. "Hata Jumapili?"

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Nilikuwa msichana wa kwaya, amri zote kumi nilizijua kwa mpangilio. Lakini uongo ukishauweka jikoni huwezi kuuepua mbichi.

"Hata Jumapili," nikasema.

Akakuna kidevu muda mrefu. "Sawa," akasema kwa upole wake. "Basi Jumapili nitakuwa nakaa nao huo moto mimi mwenyewe. Wewe nenda kanisani ukaniombee."

Nikaenda. Kwa miaka thelathini na tisa nilikwenda peke yangu, nikimwombea mume wangu aliyebaki na moto, na kimoyomoyo nikijisifu kwamba nimemchukua mvivu nimemtengeneza mchapakazi. Jumapili hakuwa akioka, alikuwa akilichunga tanuri tu lisipoe. Saa nane mchana anarudi hoi. Siku nyingine anasema, "Mke wangu, leo nimeshindwa vibaya." Siku nyingine anaingia kifua mbele: "Leo nimeshinda." Nami namwekea mnofu mkubwa kuliko wa wote, maana mtu aliyepigana na moto tangu asubuhi hawezi kupewa mfupa. Na Mungu alimwona. Jumatatu nilikuwa nazikuta kuni ziko vilevile nilivyoziacha Jumamosi, hazijapungua hata kijiti. Nilisimama kanisani mara mbili kutoa ushuhuda juu ya kuni zile.

Mume wangu alipofariki, miaka tisa iliyopita, mwanangu alikuwa mbali akiendesha malori. Alifika kuzika. Siku ya tatu nikamkabidhi ufunguo wa bekari pamoja na sheria yake: moto usizimike, baba yako hakuuacha uzimike hata Jumapili moja. Ningeweza kunyamaza. Lakini uongo wa umri ule una heshima zake, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuuamini.

Sasa mwanangu hakurithi mapumziko ya baba yake. Alirithi masikio ya baba yake na ubishi wangu. Akaona moto kuwaka bure Jumapili ni hasara, akaanza kuoka siku zote saba. Akawa mtu wa kuonekana nyumbani kwa kupita, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Mkewe ni msusi, ana kibanda chake cha kusukia, na Jumapili anakifunga. Anavaa, anamvalisha mtoto, wanakuja kunichukua, tunakaa benchi la tatu, watatu, na nafasi moja tupu ambayo mkwe wangu anaiwekea mkoba.

Mtoto ana miaka sita na tunamwita Kengele, kwa sababu ya sauti. Nimemlea mimi mama yake akiwa kazini, na kama kuna kitu nimemfundisha kikamwingia, ni kimoja: mambo mengine tutasameheana, lakini uongo siku ya Jumapili, hapana.

Ni Kengele aliyelianzisha. Jumapili moja mwalimu wa watoto aliuliza darasani baba za watoto wako wapi. Huyu akasema wake yuko benchi la mbele, yule akasema wake yuko kwaya. Kengele akasimama. "Baba yangu yuko kwenye moto."

"Tangu lini, mama?" mwalimu akauliza kwa sauti ndogo.

"Kila Jumapili."

Kesho yake asubuhi mchungaji akaja bekari, uso ameuvaa ule wa msibani. Ni kijana mgeni, hakuwa na miezi miwili kwetu. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na dirisha la kuuzia.

"Shikamoo, Bibi. Poleni sana."

"Marahaba. Poleni na nini?"

"Na mzazi wa yule mtoto."

Hapo mwanangu akatoka ndani na trei kichwani, mweupe wa unga kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Mchungaji alirudi hatua mbili nyuma na kushika ukuta.

Tulipomaliza kumweleza, na mimi nilipomaliza kujifuta machozi ya kucheka, hakuondoka. Akamuuliza mwanangu kwa nini hapumziki.

"Na mikate ya moto ya Jumapili nani anainunua?" mwanangu akamjibu. "Mkitoka ibadani mnapanga foleni hapa mpaka barabarani. Mkeo anachukua miwili."

Mchungaji akatazama viatu vyake. "Mitatu," akasema. "Kukiwa na wageni."

"Na wewe siku yako ya kupumzika ni ipi, maana Jumapili ndiyo unapiga kazi?"

"Mimi napumzika Jumatatu."

"Leo ni siku gani?"

Mchungaji akakaa juu ya gunia la unga, suruali nyeusi na yote. Nikampenda hapo. Akasema, "Ndugu yangu, wewe na mimi tuna ugonjwa mmoja. Wale watu wa zamani walifyatua matofali maisha yao yote, na hakuna aliyewauliza wamechoka. Walipotolewa utumwani wakapewa siku moja kila wiki ya kuweka tofali chini. Haikuwa adhabu. Ilikuwa ni cheti, kwamba huyu si mtumwa tena. Na sisi tukaongezewa. Jumapili ndiyo asubuhi ile kaburi lilipokutwa tupu. Kazi kubwa kuliko zote ilimalizika watu wamelala. Hakuna aliyesaidia. Ndiyo maana siku hiyo tunakaa, tukumbuke kwamba dunia haishikiliwi na mikono yetu."

Mwanangu alimsikiliza mpaka mwisho, trei ingali kichwani. "Dunia sawa," akasema. "Tanuri je?"

Mimi nikageukia dirishani nikaanza kupanga mikate iliyokuwa imepangwa.

Jioni ile mkwe wangu akaleta habari. Jumapili inayofuata watoto watasimama mbele ya kanisa, kila mmoja aseme neno lake, na Kengele amepewa la siku ya saba. Lakini ameshasema wazi kwamba baba asipokuwepo hasemi. Atakwenda kumwambia paka.

Mkwe wangu si mtu wa kelele. Alisimama mlangoni mwa bekari na kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. "Baba Kengele, mimi sigombani. Sijaolewa na tanuri, lakini nimeshalizoea, ni kama mke mwenza. Jumapili moja tu nakuomba. Usipokuja, nitamwomba yule fundi cherehani wa jirani akae kwenye nafasi yako. Suti anayo."

"Nani atakaa na moto?"

"Uzimike."

Mwanangu aliweka mkono kwenye matofali, kama mtu anayemziba mtoto masikio asisikie maneno mabaya.

Nikaona sasa uongo wangu unataka kumnyang'anya mjukuu wangu baba yake mchana kweupe. Nikaamua kuungama. Jumanne, maana mimi mambo yangu ni ya Jumanne, nilimkuta mwanangu amekaa kidogo akinywa chai.

"Mwanangu, kuhusu hili tanuri."

"Mama, kwanza nikwambie," akasema. "Mimi huwa naota limepoa. Naamka jasho. Mzee alikaa nalo miaka thelathini na tisa, hakulalamika hata siku moja. Alipougua mimi nilikuwa barabarani. Sikumshika mkono. Kitu pekee ninachoweza kumfanyia sasa ni kutouzima moto wake. Nikiuzima nitakuwa nimemzika mara ya pili." Akafuta uso kwa kiwiko. "Ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nauliza kama chai yako ina sukari," nikasema.

Siku mbili sikupata usingizi. Kumwambia mtu ameteseka bure ni jambo moja. Kumwambia kwamba kumbukumbu yake ya baba ni mchezo wa mama yake ni jambo jingine. Alhamisi nikajifunga kanga yangu nzuri, nikachukua mkate wa zabibu, nikaenda kwa fundi mwashi.

Alikuwa bado hai. Tulimwita Timazi, kwa ile kamba yenye jiwe la risasi ambayo waashi hupimia ukuta kama umenyooka. Mgongo wake sasa umepinda, jina limebaki wima. Alikuwa rafiki mkubwa wa mume wangu, lakini mimi nilikuwa namkwepa miaka mingi, hata kuvuka barabara nikimwona, maana ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba hakusema kitu siku ile. Nilimkuta kibarazani kwa binti yake, amekalia mto, anahesabu wapita njia.

Nikamweleza yote. Nilipofika mwisho mabega yalianza kumtikisika, akacheka mpaka binti yake akatoka ndani kuangalia kama amepaliwa.

"Kwa hiyo, shemeji, mimi ndiye niliyesema hivyo."

"Wewe."

"Na nilisema vizuri, kama tikiti."

"Vizuri sana. Sasa naomba uje useme kinyume chake. Mwambie tanuri linahitaji kupumzika siku moja kila wiki. Wewe fundi, atakuamini."

"Nikaseme uongo?"

"Si uongo. Ni kuufuta wa kwanza."

Akaupokea mkate, akaunusa. Akasema, "Polepole angeufurahia mchezo huu," na macho yake yakaenda mbali kidogo. Nikadhani ni uzee.

Jumamosi akaja na fimbo, tochi na kipande cha kioo alichokifunga kwenye mti mrefu. Mwanangu akasogeza makaa pembeni. Timazi akaingiza kioo ndani ya tumbo la tanuri, akamulika, akafunga jicho moja. Mimi nilikaa tayari kusikiliza maneno tuliyopanga. Hayakuja. Uso wake ukabadilika.

"Njoo uone," akamwambia mwanangu.

Kulikuwa na ufa wa kweli juu darini, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kidole, na matofali mawili yalikuwa yananing'inia kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Hili limechoka," Timazi akasema. "Tofali likipata moto linavimba. Likipoa linashuka, linakaa mahali pake, na fundi anapata nafasi ya kuliziba. Lako halijashuka miaka tisa."

"Arobaini na nane," mwanangu akasema.

Timazi akakohoa. "Ndiyo. Hiyo hiyo. Mingi."

"Lakini ni wewe uliyemwambia mama lisipoe."

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Nilikuwa kijana," Timazi akasema. "Vijana husema mengi. Sasa nasema nikiwa mzee. Leo jioni usiweke kuni. Funga mlango wa chuma, uache lishuke lenyewe taratibu, na maji usilimwagie hata tone. Jumatatu nitakuja kuliziba. Na kila Jumamosi ufanye hivyo hivyo. Ukikataa, kabla ya mwezi kuisha utakuwa unauza mikate yenye matofali ndani."

"Likipasuka?"

"Likipasuka nitakujengea jingine kwa mikono yangu hii." Mikono yenyewe ilikuwa inatetemeka, lakini aliinyoosha mbele yake yote miwili.

Mkwe wangu, ambaye alikuja na kitana chake kusikiliza hukumu, hakungoja mumewe ajibu. Akaanza kuhamisha kuni zilizorundikwa nyuma ya tanuri, ili upande ule nao upate hewa. Timazi akamwambia haraka haraka kwamba za nyuma hazina haja, aziache tu. Mkwe wangu akazihamisha zote.

Jua lilipokuwa linazama mwanangu alifunga ule mlango wa chuma mwenyewe. Akasimama pale, kiganja juu ya matofali. Mkewe akaja akamshika shati.

"Twende," akamwambia. "Hata hospitali wagonjwa wana saa za kutembelewa."

Jumapili hiyo nilitembea kwenda kanisani nikiwa katikati ya familia yangu, na kama miguu ingekubali ningeruka kamba. Mwanangu alivaa suti ya harusi. Koti lilikataa kufunga vifungo, na sikio la kushoto lilikuwa na unga ambao sijui ulidumu vipi baada ya kuogeshwa mara mbili. Watu walimsalimia kama mtu aliyerudi kutoka safari. Kwenye benchi la tatu mkwe wangu akaondoa mkoba, akauweka chini, akapangusa ile nafasi kwa kiganja. Mwanangu akakaa. Mwanzoni alikaa kwenye ncha ya benchi, pua juu, akitafuta harufu ya moshi.

Zamu ya Kengele ilipofika, akapanda mbele na gauni lake la njano, akatazama benchi la tatu, akahesabu vichwa kwa kidole. Wakatimia. Neno lake alikuwa amefundishwa wiki nzima, lina mistari minne. Yote ikampotea. Akafikiri. Kisha akasema kwa sauti iliyofika kwa jirani wa kanisa:

"Mungu alifanya kazi, akafanya kazi, akafanya kazi. Halafu akakaa chini." Akanyoosha kidole. "Na baba yangu naye amekaa. Yule pale."

Kanisa liliangua kicheko, na makofi, na mwanangu akainamisha kichwa, mabega yakicheza. Sikujua kama analia au anacheka mpaka alipokiinua, nikaona ni yote mawili.

Mahubiri yalikuwa juu ya pumziko. Dakika ya tatu mwanangu alilala. Si kusinzia, alilala hasa, mdomo wazi, kichwa kwenye bega la mkewe, mkoromo mmoja unakwenda na mwingine unarudi. Mzee wa kanisa akainuka kuja kumgusa. Mkwe wangu akamtazama, na mzee wa kanisa akakumbuka kwamba alikuwa anakwenda kufunga dirisha. Mchungaji aliona. Hakukasirika. Alishusha sauti yake kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mwisho akawa anahubiri kwa kunong'ona, na sisi wote tumeinama mbele kusikia, kanisa zima linachunga usingizi wa mtu mmoja. Nimesikiliza mahubiri mengi maishani. Hayo ndiyo niliyoyaelewa vizuri, na nusu yake sikuyasikia.

Tulipotoka, wateja wa mikate ya moto wakaukuta mlango umefungwa. Wakauzunguka kama kuku waliohamishiwa banda. Mke wa mchungaji alikuwa na kapu kubwa, akalitazama, akacheka, akaenda zake kula alichonacho. Hakuna aliyekufa.

Timazi nilimwalika chakula cha mchana kwa shukrani. Tukala, tukanywa chai, tukakaa bila kufanya kitu, jambo ambalo mwanangu alilifanya kwa shida kama mtu anayevaa viatu vya kuazima. Ilipofika saa tisa akasimama. "Nikalitazame tu. Sitagusa."

"Tutakwenda wote," mkwe wangu akasema, "na nguo zetu nzuri."

Tukaingia bekari watu watano. Kitu cha kwanza kilikuwa ukimya. Miaka yote mle ndani kulikuwa na ule mngurumo mdogo wa moto ukijisemea, na sasa unaweza kusikia nzi anatembea. Mwanangu akalisogelea tanuri, akaweka kiganja, halafu akaweka shavu. Lilikuwa na uvuguvugu wa mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Akalizunguka, akalipapasa, akatazama juu na chini. Halikupasuka kama tikiti. Halikupasuka kama kitu chochote.

"Limelala tu," akasema, na akaanza kucheka kwa sauti nyembamba ya utotoni ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipoota ndevu.

Kengele alikuwa ameshapenya nyuma, pale kuni zilipoondolewa. "Bibi, huku kuna viti."

Tukaenda. Kati ya tanuri na ukuta, mahali ambapo moto ukiwaka hata paka hakai, kulikuwa na masanduku mawili ya mbao yanayotazamana, kila moja lina mto wa magunia ya unga yaliyokunjwa vizuri, yamebonyea katikati kwa kukaliwa. Katikati yake kulikuwa na jiwe bapa. Kengele alifuta vumbi kwa pindo la gauni la njano, na mama yake hakuwahi kumzuia. Jiwe lilikuwa limechorwa viboksi kwa msumari. Chini yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo vizibo vya soda, vingine vimepakwa rangi nyekundu, vingine nyeusi.

"Ni drafti," mwanangu akasema. "Ya nani?"

Wote tukamtazama Timazi.

"Mimi huku nyuma," Timazi akasema, akijinyoosha mpaka akakaribia kustahili jina lake, "sijafika tangu nilipoweka tofali la mwisho."

Kengele akakaa kwenye sanduku moja, akaanza kupanga vizibo kwenye viboksi, vyekundu vikachanganyika na vyeusi. Timazi alivumilia. Alivumilia tena. Mkono wake ukatoka wenyewe.

"Hapana, mjukuu wangu, unaharibu. Vyekundu vinakaa upande huu, ni vyangu. Babu yako alikuwa anakaa hapo ulipokaa, na vyeusi, mgongo anauegemeza kwenye tanuri."

Nzi yule aliacha kutembea.

"Lini?" nikauliza.

Timazi akatafuta pa kuangalia, akakosa. "Jumapili, shemeji."

"Na moto?"

"Moto gani, shemeji?"

Akakaa kwenye sanduku lake, maana lilikuwa lake, akasema yote. Jumatano ile, kesho yake tu, mume wangu alimfuata akamuuliza kama ni kweli amesema tanuri lisipoe. Timazi akamwambia hajasema neno. "Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, usimwambie. Mke wangu amenipa Jumapili zangu zote na hajui. Kila Jumamosi jioni alikuwa anafunga ule mlango wa chuma, na Jumatatu anawasha kabla hujaamka, kwa kuni nilizokuwa namletea mimi. Tulikuwa tunakaa hapa. Nyimbo zenu za kanisani zilikuwa zinafika dirishani. Zikianza anavua kofia, tunaacha kucheza mpaka ziishe. Halafu tunaendelea. Alikuwa mbaya sana kwenye drafti, shemeji. Lakini alikuwa na raha."

Nikazifikiria zile "leo nimeshindwa" na "leo nimeshinda." Nikaifikiria minofu. Nikazifikiria kuni zisizopungua, na mimi mbele ya kanisa, mara mbili, mikono juu. Jumapili elfu mbili na ushee tanuri lilipumzika, Polepole alipumzika, Timazi alipumzika, na aliyekuwa akihangaika kuwaombea wasichoke alikuwa mimi. Nilicheka mpaka mkwe wangu akanishika kiuno nisianguke.

Mwanangu hakucheka mara moja. Alisimama akiliunganisha jambo kipande kwa kipande. "Kwa hiyo mzee alikuwa analizima."

"Kila wiki," Timazi akasema.

"Kila wiki," mwanangu akarudia, na nikaona kitu kinashuka mabegani mwake, polepole, kama gunia linalowekwa chini na mtu aliyelibeba mpaka akasahau kwamba amelibeba. Akakaa chini sakafuni na suti yake ya harusi. Akamwonyesha Kengele kizibo cheusi. "Hiki ni cha babu," akamwambia. "Sasa ni changu. Kila Jumapili mchana, mimi na wewe, hapa."

Mkwe wangu alijifanya ana kitu jichoni.

Nikadhani yameisha. Nilikuwa nimeshaanza kusogea mlangoni, nikisema habari za chai. Mwanangu akainua kichwa.

"Ila mama. Kama fundi hakusema, nani alisema?"

Timazi akajifanya anahesabu vizibo. Mkwe wangu akakunja mikono kifuani, uso wake una furaha ya mtu aliyelipia kiti cha mbele. Ukweli ulikuwa karibu kabisa, nilikuwa nauona. Lakini ulimi wangu ni mzee, una njia yake iliyozoea.

"Fundi alisema," nikawaambia. "Amezeeka tu, amesahau."

Kengele hakuinua hata macho. Alisogeza kizibo chake chekundu boksi moja mbele, akakigonga kwa kidole kikae sawa.

"Bibi," akasema, "leo Jumapili."